Kisanduku Chenye Masharti

Mimi si msemaji. Shuleni, mwalimu akiita majina asubuhi, naitika kwa sauti isiyovuka dawati la mbele, na mara nyingine ananiandika sipo huku nikimtazama usoni. Kwa hiyo nimezoea kuandika. Haya nayaandika sasa tukiwa tumetulia, ingawa mlango ukipigwa kwa nguvu bado naruka. Baba pia anaruka. Lakini yeye alikuwa anaruka hata kabla ya vita.

Tuliishi ndani ya ua wa kabini, kaskazini ya mji wa Uvira, pale milima inaposogea nyuma kidogo na bonde la Ruzizi linaanza. Kabini ndilo jina ambalo watu waliipa nyumba ya umeme. Nyaya kubwa kutoka kwenye mtambo wa mtoni, huko juu upande wa Bukavu, zilishukia hapo. Umeme ukapunguzwa nguvu, kisha ukatoka tena kwa laini ndogo yenye mikono miwili. Mkono mmoja uliingia mjini mpaka hospitali na bandari. Wa pili ulirudi bondeni kando ya barabara ya Sange, kwenye kinu cha mpunga. Baba ndiye alikuwa fundi wa hapo.

Kulikuwa na chumba kirefu chembamba, watu wawili hawawezi kupishana bila kugusana mabega, na mwisho wa chumba, ukutani, kulikuwa na rele. Rele ni kisanduku cheusi chenye kioo mbele. Kazi yake ni kutazama umeme unaopita. Ukizidi kiasi, kinaiamuru swichi kubwa ikate. Kina vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja kinasema umeme ukifika wapi ndipo kikate, kingine kinasema kingoje muda gani kabla ya kukata. Chini ya vitufe kuna vibendera viwili vyekundu, vidogo kama ukucha. Watu wakivuta umeme kupita kiasi, kinaanguka kibendera cha juu. Waya ukigusa udongo, kinaanguka cha chini. Vikishaanguka havipandi vyenyewe, mpaka mtu avisukume kwa kidole. Ndivyo baba alivyojua kilichotokea hata kama alikuwa bafuni.

Vyuma vya ndani ya rele ni vyepesi mno. Mlango ukipigwa vinatikisika, vinaweza kugusana, na mji mzima unazimika bure. Ndiyo sababu ya baba kuruka. Ndiyo sababu pia mama hakutwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwetu hata siku moja. Alibeba kinu chake akaenda kutwangia kwa jirani, ng'ambo ya barabara, na majirani walisema ana maringo, hataki watu waone anachopika.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza baba kwa nini asizungushe tu kile kitufe ili rele isikate ovyo. Tulikuwa tunakula. Akaniuliza, "Mtu akibisha mlangoni, nani anainuka kwanza?"

"Minye," nikasema, yaani mimi.

"Na weye usipoinuka?"

"Mama."

"Na mama asipoinuka?"

"Wewe, baba."

"Njo vile. Rele yetu iko mtoto. Juu yake kuna ya pili njiani, njo mama. Na ya tatu iko kule mtamboni, njo baba. Nikimfundisha mtoto uvivu, ataamka mwenye nyumba, na mwenye nyumba akiinuka kwa hasira anafunga milango yote. Hapo hatuzimiki sisi tu. Inazimika bonde lote."

Kwa hiyo vipimo vya rele zote vilipangwa pamoja Bukavu, kila moja ikijua zamu yake, kisha kioo kikafungwa kwa waya na plombe, yaani kidonge cha madini ya risasi kilichobanwa kwa koleo lenye alama. Kabla ya uhuru koleo hilo lilikaa mfukoni mwa shefu mzungu, mkuu wa baba kazini. Mwaka wa uhuru shefu alivuka mpaka na familia yake, akamwachia baba funguo, koleo na mbwa. Mbwa hakukaa sana, alikufa. Koleo baba alilivaa shingoni ndani ya shati, kama wengine wanavyovaa rozari, na Jumapili kanisani lilikuwa linagonga benchi akipiga magoti.

Kisha uasi ukafika.

Wapiganaji waliingia mjini wakiimba, majani kichwani, wengi wao vijana wa umri wangu. Muganga wao alikuwa amewanyunyizia maji, na mwenye maji yale risasi haimwingii. Ila maji yana masharti. Usiibe. Usitazame nyuma ukienda vitani. Usiguswe na mwanamke, wala usipokee kitu kutoka mkononi mwake. Nilipopita barabarani na ndoo walinikimbia wakiruka mtaro, wenye mikuki na bunduki, wakimkimbia msichana ambaye hata kusalimia anaona haya. Nakiri kwamba siku za kwanza hiyo ilinipendeza.

Kwenye kabini walianza kwa kukata simu yetu ya Bukavu. Bukavu ilikuwa ya serikali, mtambo pia ulikuwa mikononi mwa serikali. Lakini umeme uliendelea kuja, ukipita juu ya vichwa vya askari wa pande zote mbili, maana nyaya zile zile zililisha nchi ya jirani ng'ambo ya mto na hakuna aliyetaka kugombana na jirani.

Ndipo komanda wao akatoa amri ya taa. Kila nyumba iwashe taa zote, mchana na usiku, ili ijulikane hakuna aliyejificha. Atakayekutwa na chumba cheusi ni adui. Watu walitii kuliko walivyoamriwa. Hakuna aliyezima swichi hata moja. Kwenye nyumba zilizoachwa na wazungu, wapiganaji waliwasha kila kitu chenye kitufe: majiko, mapipa ya kuchemshia maji, friji tupu, hata pasi, iliyoachwa imesimama juu ya meza ikichemka peke yake.

Sasa umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara kutoka huko juu, kwa sababu ambazo hatukuzijua, kisha unarudi. Zamani ukirudi, watu walikuwa wamezima vyombo vyao, wanawasha taratibu. Siku hizo uliporudi ulikuta mji mzima umefungua mdomo. Vyote vinavuta kwa pamoja, rele inaona umezidi, kibendera cha juu kinaanguka, taa zinazimika. Baba anarudisha swichi, inakata tena. Hivyo hivyo, mara nyingi.

Siku moja komanda akaja. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na bado alisema kama mtu anayesomea watoto imla, taratibu, akimaliza kila neno. Alinitisha zaidi ya wale wanaopiga kelele.

"Mufundi," akamwambia baba, "jana daktari alikuwa na mkono ndani ya tumbo ya mupiganaji wangu, na taa ikazimika."

"Nasikitika, komanda. Amekufa?"

"Hakufa. Angekufa, minye na weye hatungesema hapa. Sasa sikia. Umeme ukizimika tena, nitajua weye njo unasemezana na batu ya Bukavu kwa hizi nyaya. Utaenda ufukweni."

Kila mtu Uvira alijua maana ya kwenda ufukweni. Hakuna aliyekwenda akarudi.

Nyuma ya komanda alisimama mpiganaji mmoja mrefu aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba bondeni. Akachungulia kile chumba, akafurahi kama aliyekutana na shemeji.

"Komanda, ile kitu minye naijua! Kule kiwandani tulikuwa nayo. Inakata, inakata, mupaka mashini inachoka. Tukatia kijiti ya kiberiti pale ndani, chwap! Haikukata tena."

"Na kiwanda chenu kiko wapi sasa?" baba akauliza.

Yule mrefu akajikuna shingo. "Kiliungua. Lakini haikuwa sababu ya kijiti."

Wenzake wakacheka. Komanda hakucheka. Alimtazama baba, akatazama kioo na plombe yake, akasema, "Kesho kijiti kinaingia. Kwa mukono yako ao kwa mukono yake."

"Kwa wangu hapana," baba akasema. Alisema polepole, kama mtu anayekataa chai.

"Basi kwa wake."

Jioni, tukila, mama alimwuliza baba kwa nini asikubali. Kijiti ni kijiti, maisha ni maisha. Baba akatueleza kitu alichokuwa akikificha. Kwenye mkono wa bonde, kupita daraja, kuna nguzo iliyogongwa na lori siku za mapigano. Imeinama kama mlevi anayetafuta mlango, waya uko chini kiasi kwamba wanawake wanaokwenda kwenye mpunga wanainamisha mizigo kichwani ili wapite. Siku yoyote utaanguka. Rele ikiwa huru, ukigusa udongo unakatwa hapo hapo. Rele ikiwa na kijiti, waya utalala barabarani ukiwa hai, ukimngoja mtu.

"Umwambie komanda," mama akasema.

"Nimemwambia nguzo. Akasema vita kwanza."

"Na hizi taa zinazozimika mjini? Sababu ni ile nguzo?"

Baba akabomoa ugali, hakuula. "Hapana. Sababu ni amri yake."

Sote watatu tulielewa kuwa kuna maneno ambayo ukimwambia komanda mbele ya watu wake huhitaji tena kungoja umeme uzimike. Nilitaka kumwambia baba kitu, sijui kitu gani. Nikachukua sahani nikaenda kuosha.

Asubuhi mama alinikuta nafunga viatu vya shule ingawa shule ilikuwa imefungwa. Ni tabia yangu ya kijinga, nikiogopa navaa yunifomu. Alikuwa amebeba mkeka, na ungo umejaa mchele wa Luberizi wenye mawe.

"Twende," akasema. "Tukachambulie mchele ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya baba yako."

Alimaanisha chumba cha rele. Baba alikuwa nje akipima mafuta ya transfoma, akatuona tukipita, akafungua mdomo, akaufunga. Mama alitandaza mkeka mwisho kabisa, chini ya kile kisanduku, miguu yake ukuta huu, mgongo wake ukuta ule. Mimi nikakaa mbele yake nikielekea rele. Mtu akitaka kufika kwenye kioo ilikuwa lazima aturuke ama atukanyage. Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo ukaanza kunipiga hadi nikaogopa utaitikisa rele.

Yule mrefu alikuja na kijiti chake juu ya sikio na wenzake nyuma yake. Akaingia kwa haraka, akatuona, akasimama kwa kisigino kama aliyefika ukingoni mwa shimo.

"Mama! Weye iko nafanya nini humu?"

"Minye nachambua mchele."

"Toka. Tuko na kazi."

"Pita basi. Nimekukataza?" Mama akanyoosha mguu, taratibu, mpaka kidole chake kikawa karibu na kiatu cha yule kijana. Kijana akaruka nyuma, akamgonga mwenzake, mwenzake akapiga yowe.

"Usiniguse, mama! Unataka nife?"

"Minye mwanamke tu, mwanangu. Mchele una mawe, macho yangu yamezeeka. Ingia unisaidie kutafuta."

Nje mtu akacheka, akanyamazishwa. Walibishana mlangoni. Mmoja alisema watuvute kwa kamba. Mwingine akauliza utawafungaje kamba bila kuwagusa. Mmoja akasema mimi ni mtoto, sihesabiki, nivutwe mimi. Yule mrefu akanitazama kifuani na kusema, "Ule iko mutoto? Muvute weye basi." Nilitaka sakafu inimeze. Sijawahi kutazamwa hivyo na watu wengi kwa pamoja, na mama anaendelea kuokota mawe, tik, tik, kwenye ungo.

Kisha wakapisha njia, na komanda akawa mlangoni.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ya imla, "risasi haiko na masharti ya wanawake." Akaiinua bunduki, si juu sana.

Mikono ya mama ikasimama. Nitaandika kweli: nilijikojolea. Kidogo, lakini nilijikojolea, na nilichowaza ni kwamba mchele utalowa.

Baba alikuja mbio nyuma yao. Hakusema atuachilie. Nilikuwa namngoja aseme hivyo na hakusema. Alisema, "Komanda, ukipiga humo ndani risasi itapita kwenye kile kioo. Hapo hata kijiti hakitakusaidia, umeme hautarudi mpaka vita viishe. Niitie muganga wenu. Nataka kumwuliza yeye, si wewe."

Sijui kwa nini komanda alikubali. Labda kwa sababu wapiganaji wenyewe walikuwa wameanza kunong'ona, muganga, muganga aitwe, mambo ya wanawake ni yake.

Muganga alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, mwembamba, mwenye kikohozi. Alisimama mbali na mlango akafunika mdomo kwa mkono.

Baba akamwuliza, "Maji yako yana masharti?"

"Yanayo."

"Mtu akiyavunja?"

"Risasi inamwingia. Kosa si la maji."

"Na ukitaka kulazimisha maji yafanye kazi bila masharti?"

Muganga akatabasamu kidogo. "Hakuna."

"Hiki kisanduku nacho ni vile vile. Kinalinda, lakini kina masharti. Kwanza, hakitaki waya uguse udongo. Pili, hakitaki taa zote ziamke kwa pamoja. Umeme ukirudi kinataka barabara moja iwashe, kipumue, barabara ya pili iwashe, kipumue. Taa zote zitawaka, kama komanda alivyosema. Lakini kwa zamu. Majiko ya wazungu yawe ya mwisho. Ukitia kijiti umekilazimisha. Kitanyamaza, na hakitamlinda mtu tena."

Muganga alikohoa muda mrefu. Kisha akamgeukia komanda. "Ni kweli. Hata minye siwatii maji watu mia kwa ndoo moja. Wanapanga mustari."

Komanda alimtazama baba kwa jicho la mwalimu anayejua mwanafunzi ameiba jibu lakini hajaona alipolitoa. Amri yake ilikuwa bado nzima. Hakuna aliyesema ni kosa. Akashusha bunduki.

"Tutajaribu leo. Inashindwa, weye njo unashindwa."

Vijana wakatumwa mjini na filimbi. Umeme ulipokatika huko juu, kabla ya saa sita, wakapita wakiamuru kila mtu azime, na watu wakaogopa kuzima kuliko walivyoogopa kuwasha, wakafikiri ni mtego. Uliporudi, filimbi ya kwanza ikalia karibu na hospitali. Baba alisimama mbele ya saa ya kupimia umeme kwenye ukuta wa mlangoni, ile yenye mshale. Mshale ukapanda, ukatulia. Filimbi ya pili, mbali kidogo. Ukapanda. Mimi na mama tulikuwa bado kwenye mkeka, hakuna aliyetuambia tutoke na mama hakutaka kuuliza. Filimbi ikafika upande wa bandari, mwishoni nyumba za wazungu, mshale ukatetemeka karibu na mstari mwekundu, na ukakaa pale pale. Nje wakaanza kuimba. Yule mrefu alipiga makofi, akamwita baba "yaya," kama kaka yake mkubwa.

Baba alitoka uani kunywa maji. Nilimwona kwa mlango ulio wazi, komanda kando yake, wanaongea karibu kama majirani. Nilikuwa nayatazama haya wakati swichi kubwa ilipolia, KLAK, ule mlio ninaousikia mpaka leo usingizini. Nikageuka kwenye rele. Kibendera kilikuwa kinaanguka.

Nyimbo zikakatika nje. Baba akaanza kukimbia kuja ndani, na komanda akamshika shati.

"Usiingie."

"Komanda, lazima niangalie kilichoanguka."

"Utaingia, utasogeza vidole vyako, utatoka na maneno. Simama hapo. Nani alikuwa ndani?"

"Mke wangu na binti yangu."

Mama alikuwa chini kabisa ya rele, asingeweza kuona kibendera. Alinitazama. Niliyekuwa nimeielekea ni mimi.

"Mwanafunzi," komanda akaita. "Kuja mulangoni. Usinikaribie. Kitu gani kimeanguka?"

Nikasimama na sketi yangu iliyolowa. Wapiganaji wote walinitazama, na baba katikati yao, shati limekunjwa kwenye ngumi ya komanda, koleo likining'inia nje. Nikasema. Hakuna aliyesikia, hata mimi sikujisikia.

"Sema kama muntu!" yule mrefu akapiga kelele.

"Cha chini," nikasema. "Kibendera cha chini. Baba hakuwa ndani. Hakuna aliyekigusa."

Komanda akamgeukia baba. "Maana yake?"

"Waya umegusa udongo. Hizi si taa za mjini. Ni ile nguzo niliyokuambia, kupita daraja. Niruhusu niende nikafungue swichi ya mkono wa bonde, mji utawaka sasa hivi."

"Uende ukimbie."

"Nitume na watu wako."

"Watu wangu watakwenda. Weye utabaki." Akamwonyesha yule mrefu gari. "Fuata nyaya mupaka kule. Waya iko chini, ukuje uniambie. Waya haiko chini, usishuke hata kwenye gari. Utageuza, utamupakia huyu, utaenda moja kwa moja ufukweni."

Gari likaondoka na vumbi lake. Tukangoja. Baba aliambiwa akae chini, akakaa ameegemea ukuta wa kabini. Hakutazama barabara. Alitazama mikono yake. Mama alikuwa anachambua mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja tena. Aliuhamisha upande huu wa ungo, akauhamisha upande ule. Mimi nilisimama pale pale mlangoni, kwa sababu komanda hakuniambia nikae, na niliomba. Niliomba waya uwe umeanguka. Kisha nikakumbuka wanawake wa mpunga wanaopita chini yake, nikaomba msamaha, kisha nikaomba tena uwe umeanguka.

Huko mjini watu wamezimiwa, hawajui wawashe ama wazime. Mtu mmoja alifika mbio kutoka hospitali akasema daktari anauliza. Komanda akamwambia daktari atumie dirisha.

Gari lilirudi polepole. Kwenda lilikuwa limeruka mashimo. Nilimwona yule mrefu kwa mbali, amekaa mbele, na nikajaribu kusoma uso wake. Alishuka. Kushuka tu! Nikashika mlango.

"Komanda, iko chini. Inapita barabara yote."

"Kuna mutu amekufa?"

Utani ulikuwa umemtoka yule mrefu usoni. "Tumekuta batoto," akasema. "Batoto ya mpungani. Wanaivuta. Wanataka kuikata watengeneze vigari. Wengine wameizungusha hapa." Akashika kiuno chake mwenyewe. "Nimewafukuza. Wanacheka tu."

Muganga akakohoa. Komanda aliachia pumzi, akamwambia baba bila kumtazama, "Inuka. Nenda ukafungue hiyo swichi yako. Washa mji. Kesho utaitengeneza ile nguzo, nitakupa batu na gari." Alipofika getini akaongeza, "Na wanawake watoke humo. Hakuna kijiti."

Mji uliwaka kwa zamu, filimbi baada ya filimbi. Wapiganaji wakaondoka na kuimba kwao. Mama alikunja mkeka, akaenda jikoni, nikasikia anaangusha sufuria, kitu ambacho hajawahi kufanya. Nilienda kubadilisha sketi.

Niliporudi baba alikuwa peke yake mbele ya rele. Kibendera cha chini alikuwa ameshakipandisha.

"Ulikiona kikianguka?" akaniuliza.

"Nilikiona."

"Kwa macho yako."

"Ndiyo, baba."

Akafuta kioo kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Na kingekuwa cha juu? Ungesemaje?"

Cha juu maana yake ni taa za mjini, ni zamu imeshindwa, ni ufukwe. Baba yangu ni mtu ambaye hajawahi kuongeza wala kupunguza alichokiona kwenye ile mishale yake, hata kwa shefu, hata kwa komanda. Nilijua jibu alilolitaka: kwamba ningesema nilichokiona. Nililipenda pia, ni jibu zuri.

"Ningesema cha chini," nikamwambia.

Nikafikiri atanikemea, na ningekubali. Alivua koleo shingoni, akalitia mfukoni, akanishika kichwa kwa mkono wake wenye harufu ya mafuta ya transfoma, akanisukuma polepole kuelekea mlangoni.

"Nenda ukamsaidie mama yako," akasema. "Na mlango usiupige."

Nikatoka. Niliufunga kwa mikono yote miwili.